Bei ya Kambi Muru

"Si afadhali hiyo kuliko kukaa bure?" Kama umeishi Kambi Muru hata mwezi mmoja na unafanya kazi za mtandaoni, hilo swali umeshaulizwa. Mimi nimeulizwa na mama wa chapati, na mwenye nyumba, na mtafiti mmoja kutoka Ulaya aliyekuja na daftari lake, na mjomba wangu wa Kawangware ambaye amekuwa mlinzi wa usiku tangu sijazaliwa. Mjomba namwelewa. Analipwa kidogo kusimama kwenye geti la wenyewe, kwa hivyo akiona mtu amekaa ndani, kwa kiti, anabonyeza kompyuta, anaona huyo tayari ameomoka. Huyo mtafiti simwelewi, kwa sababu yeye amesoma na anajua hilo si swali. Ni bei. Ukilifungua linasema hivi: wewe unalala kwenye mabati, kwa hivyo chochote kinachozidi sufuri ni neema, na mtu aliyepewa neema haulizi risiti.

Mimi nauliza risiti.

Kazi yenyewe ni hii. Kompyuta haitambui gari wala mtoto anayevuka barabara mpaka ifundishwe, na wa kuifundisha ni mtu. Anapewa picha, anachora sanduku kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila mbwa, anaandika jina lake, anatuma, anapewa nyingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ikiwa imenishinda, na kwa miezi saba nikachora masanduku. Barabara zote zilikuwa za nchi za theluji. Kitu nilichokichora zaidi ni lile bomba fupi la wazimamoto linalosimama kando ya njia huko Marekani. Nimelichora mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika jina langu. Kibera nyumba zikishika moto tunabomoa za jirani ili moto ukose pa kupitia, tunamwaga maji ya mtaro, na gari la zimamoto likifika linakwama barabarani maana huku ndani hakuna njia. Sasa kuna gari lisilo na dereva mahali fulani linalojua bomba liko wapi, na mwalimu wake ni mimi.

Kwenye mkataba niliitwa mkandarasi wa kujitegemea. Nilicheka. Huku kwetu kontrakta ni msee mwenye pikapu, simu mbili na vijana thelathini wa mjengo chini yake. Mimi nilikuwa na laptopu ya mkono wa pili iliyofungwa kwa selotepu, bando la kukopa na stima inayopotea kila mvua ikinyesha. Lakini jina lilikuwa na kazi yake. Mkandarasi hana likizo ya ugonjwa, hana bima, hana notisi ya kufutwa, na Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo angalau inajaribu kumtetea kibarua, inampita kando kama matatu iliyojaa.

Hebu tulinganishe na mjengo, kwa vile watu hupenda kutuambia tumshukuru Mungu hatuko huko. Kwenye mjengo unamjua foromani kwa jina na hata kwa jina la utani. Jumamosi ikifika bila pesa, mnakaa langoni. Nyote, na sepetu zenu. Lori la mchanga haliingii, lori la mawe haliingii, na kabla ya saa kumi jioni mtu fulani amepigiwa simu na pesa imeingia kwa M-Pesa. Si haki kamili, lakini kuna lango na kuna mtu nyuma yake. Jukwaa nililochorea masanduku, ambalo silitaji jina, lilinifungia akaunti asubuhi moja nikidai malipo ya wiki tatu. Barua pepe haikuwa na jina la mtu chini yake. Nilijibu, ikarudi yenyewe ikisema anwani hiyo haipokei majibu. Ningeenda kukaa langoni kwa nani?

Na mimi nilikuwa mmoja tu. Machi 2024 jukwaa jingine kabisa, Remotasks, ambalo ni mali ya Scale AI ya Marekani, liliwazimia Wakenya wote kwa mara moja. Watu waliokuwa wanalipa kodi ya nyumba na karo za wadogo zao kwa hiyo kazi waliandikiwa kwamba huduma katika eneo lao imesitishwa. Eneo lao. Hawakufutwa kazi, maana hawakuwa wameajiriwa. Walizimwa tu, kama taa.

Kuna wale watakaosema hayo ni ya majukwaa ya holela, kwamba ukiajiriwa na kampuni halisi yenye ofisi na kadi ya kuingilia mlangoni, mambo ni tofauti. Haya, twende huko.

Samasource, ambayo sasa ni Sama, ilianzishwa 2008 na Leila Janah kwa wazo ambalo hata mimi naliona zuri: kuleta kazi ya kompyuta kwa maskini badala ya kuwaletea msaada. Nairobi wakafungua ofisi kubwa Sameer Business Park, Barabara ya Mombasa, na wakaajiri vijana wa mitaa kama yetu, Kibera ikiwemo. Mwaka 2018 BBC walikuja wakaandika habari zao. Malipo yalikuwa kama dola tisa kwa siku. Janah alipoulizwa kwa nini si zaidi, jibu lake lilikuwa kwamba mishahara ya juu sana ingevuruga soko la kazi la hapa, ingepandisha hata kodi za nyumba na bei ya chakula. Alifariki Januari 2020, na sitaki kubishana na marehemu kuhusu nia yake. Nabishana na hilo jibu, kwa sababu halikuzikwa naye. Bado nalisikia kila wiki kutoka kwa watu wazima wenye digrii.

Tangu lini mtu akajali soko la Nairobi lisivurugwe? Wafanyakazi wa mashirika ya kigeni wamepangisha Gigiri na Lavington kwa dola, na sijasikia mtu akiwaomba wapokee kidogo ili mama mboga asipate kizunguzungu. Soko huvurugika tu pesa ikielekea Kibera. Na hao hao wenye bidhaa, je, huwa wanashusha bei kulingana na soko la hapa? Mwaka 2023 ChatGPT ya kulipia ilikuwa dola 20 kwa mwezi. Uko Boston, dola 20. Uko Kambi Muru, dola 20. Bidhaa ikija kwetu inakuja na bei ya dunia, lakini kazi ikitoka kwetu inatoka na bei ya mtaa.

Hapo kuna hesabu, na imeshachapishwa. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi OpenAI, wenye hiyo ChatGPT, walivyoipa Sama kandarasi mwishoni mwa 2021. Kazi ilikuwa kusoma maandishi machafu kabisa, ya ubakaji wa watoto, mauaji, mateso, na kuyawekea alama ili mashine ijifunze kutoyatoa. Mkataba ulisema OpenAI italipa Sama dola 12.50 kwa saa. Aliyesoma hayo maandishi alienda nyumbani na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hiyo ni kama shilingi 1,500 zikiingia mlangoni na kama shilingi 160 zikifika mezani. Sama walijibu kwamba hizo 12.50 zilibeba gharama zote, jengo na mameneja na kadhalika. Sawa, jengo lina gharama. Lakini mtu wa 1.32 akitaka kununua ile huduma aliyoisafisha kwa macho yake, kwa bei hiyo ilibidi afanye kazi zaidi ya saa 15 kulipia mwezi mmoja.

Hatukuchaguliwa kwa sababu Kiingereza chetu ni kitamu. Kinasifiwa sana kwenye vipeperushi vya serikali, na tangu 2016 mpango wa Ajira Dijitali umekuwa ukituandaa kwa hizi kazi, na sina shida na mafunzo. Tulichaguliwa kwa sababu kodi inakuja tarehe tano na hatuwezi kukataa. Hiyo ndiyo sifa inayonunuliwa. Kasi ya kuchapa ni ya ziada.

Kuna mzee Mnubi hapa Kambi Muru ambaye hunitumia kumsomea barua za serikali. Siku moja nilimweleza hiyo habari ya mteja, kampuni ya kati, na mimi wa mwisho. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya askari." Sikumwelewa mpaka niliporudi kwenye historia ya ardhi tuliyokaa. Kibera ilianza na watu wa mkataba. Walikuwa askari kutoka Sudan, waliotumikia Waingereza katika King's African Rifles, wakapigana vita vya watu wengine katika nchi za watu wengine, na mwanzoni mwa karne iliyopita wakaambiwa wakae hapa kwenye msitu huu. Mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa la jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Hati hawakupewa. Walipouliza, Tume ya Ardhi ya Carter katika miaka ya 1930 ikasema hao ni wapangaji wa hisani tu ya serikali ya kifalme, ingawa ikaongeza kwamba si haki kuwaondoa bila chochote. Mwingereza akaondoka 1963 bila kumaliza deni. Wajukuu na vitukuu wakaja kupewa hati ya ardhi ya jamii 2017, ya ekari 288.

Sisemi mchora masanduku amepitia aliyopitia askari wa vita. Nasema mbinu ni moja: kazi imefanywa, aliyeitumia anajulikana, na siku ya kudai unaambiwa hukuwa wake. Wewe ni wa hisani. Miaka mia inapita mkiandika barua.

Ndiyo maana kesi za Facebook ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, hata kama hujawahi kufungua akaunti. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, aliletwa Nairobi na Sama 2019 kuchuja machapisho ya Facebook. Video ya kwanza anayoikumbuka ilikuwa ya mtu kukatwa kichwa. Alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai mshahara na matibabu bora, akafutwa. Mei 2022 akawashtaki Sama na Meta pamoja. Mwaka uliofuata, Sama walipofunga idara ya uchujaji na kutangaza kuachisha watu 260, wachujaji 184 wakaenda kortini pia. Kulikuwa na watu wa Ethiopia, Somalia, Uganda na kwingineko, walioajiriwa kwa lugha zao, wengine wasiweze hata kurudi kwao kwa sababu ya vita.

Na Meta ilijibu nini? Haikuanza kwa kusema haikukosea. Ilisema haipo. Haijasajiliwa Kenya, haina duka Kenya, haikuajiri mtu yeyote Kenya, kwa hivyo korti ya Kenya haina mamlaka juu yake. Someni hilo polepole, nyinyi mlio na Facebook kwa simu saa hii. Kampuni ambayo mama mboga anauzia kupitia ukurasa wake, ambayo wanasiasa wetu huilipa matangazo kila uchaguzi, haipo Kenya.

Korti ya Ajira ilikataa hoja hiyo Februari 2023. Juni mwaka huo jaji akaenda mbali zaidi, akasema katika uamuzi wa muda kwamba mwajiri mkuu ni Meta, kwa sababu kazi ilikuwa yake, mitambo ilikuwa yake, na vipimo vya utendaji vilikuwa vyake. Meta ikakata rufaa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa: kesi zisikizwe hapa. Kifungu cha 41 cha katiba yetu kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Hakisemi kila mtu isipokuwa anayefanyia kazi mtu wa ng'ambo.

Lile lango la mjengo nililolitaja juu, korti imetujengea. La kwanza la aina yake, na limejengwa na watu waliokuwa wanalipwa shilingi mia mbili kwa saa.

Sasa sikiliza serikali ilifanya nini na hilo lango. Mwaka huo huo wa 2024 Seneti ikaletewa mswada wa kurekebisha sheria za biashara, na ndani yake kukawekwa kifungu kuhusu kampuni zinazofanyia wengine kazi: mfanyakazi akiwa na dai, ashtaki kampuni ya hapa peke yake, mteja wa ng'ambo asiguswe. Na Desemba, Rais Ruto akiongea na watu wa sekta hiyo Nairobi, akawahakikishia kwamba sheria imebadilishwa, na kwamba hakuna atakayewapeleka kortini tena. Alisema kwa fahari, kama mtu anayetoa zawadi. Na mwezi huo huo zikatoka ripoti za daktari Ian Kanyanya, mkuu wa afya ya akili pale Hospitali ya Kenyatta, ambayo kutoka Kibera ni mwendo wa mguu. Aliwapima wachujaji wa Facebook kwa ajili ya ile kesi, na zaidi ya 140 akawakuta na ugonjwa wa akili unaotokana na mshtuko, wengi wao kwa kiwango kikali. Hao ndio rais alikuwa anawaahidi wawekezaji kwamba hawatawasumbua.

Hoja ya serikali naijua, hata naweza kuiandika vizuri kuliko wao. Vijana hawana kazi. Mkisumbua wateja watahamia Ghana, Ufilipino, India. Na kweli, walihama. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba uchujaji wa Meta ulikuwa umehamia Accra, kwa kampuni nyingine ya kati, na wachujaji wa huko nao wakaanza kulalamika mambo yale yale: mshahara wa chini, picha za kutisha, akili kuharibika. Mawakili wakaanza kuandaa kesi. Kwa hivyo tishio la kuhama si uongo. Lakini mtu akikwambia atakupiga usiposhusha bei, na ukashusha, kesho atarudi na fimbo ile ile. Nchi ambayo mtaji wake ni kwamba raia wake hawawezi kushtaki haitakosa nchi nyingine iliyo tayari kunyamaza zaidi. Hayo ni mashindano ya kwenda chini, na chini ya Kambi Muru sioni pengine pa kwenda.

Tena si kazi zote hizi zina miguu. Mtu anayejua Kisomali cha Garissa, Kitigrinya, Kiswahili cha mtaa, matusi ya kikabila yanavyofichwa kwenye methali wakati wa uchaguzi, huyo hapatikani Manila. Wanatuhitaji kwa kitu maalum, halafu wanatulipa kama wanaotuokota. Hiyo nguvu tunayo na hatujaitumia. Mei mosi 2023 wachujaji zaidi ya 150, wa Facebook, TikTok na ChatGPT, walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Mimi nilisoma habari hiyo kwa simu nikiwa nyuma ya soko la Toi, na niliyekuwa naye, msee wa kuandika sauti za mahakama za Marekani kwa senti kwa dakika, akauliza, "Na sisi wa nyumbani, tunaingia wapi?" Ni swali la maana sana. Wa ofisini angalau wanajuana sura. Sisi wa vyumbani tunajuana kwa vikundi vya Telegram ambako nusu ya ujumbe ni watu wakiuziana akaunti za Wamarekani, kwa sababu jukwaa likiona umeandika Kenya linakupa kazi chache ama halikupi kabisa. Fikiria hiyo: mtu wa Kibera anamlipa mgeni kodi ya jina lake ili aruhusiwe kufanya kazi kwa bei ya Kibera.

Nitakachotaka ni kidogo na hakihitaji tume. Kifungu cha kumkinga mteja kiondolewe, kisirudi kwa jina jingine. Anayeamua kazi ifanyweje, kwa kasi gani, kwa vipimo gani, ahesabiwe kuwa mwajiri, hata kama mshahara unapitia kwa mikono mitatu. Kila mkataba unaoletwa mitaani uwe na jina la mteja wa mwisho, na kile anacholipa kwa saa kiandikwe kando ya kile ninachopokea mimi. Jukwaa lililo na wafanyakazi Kenya liwe na anwani Kenya, ya mlango, si ya barua pepe, na akaunti ikifungwa pesa iliyomo ilipwe kwanza. Kampuni zitasema bei ni siri ya biashara. Mwenye pikapu wa mjengo naye alikuwa anasema hivyo hivyo, mpaka siku vijana walipoona karatasi ya zabuni imesahauliwa kwenye kiti cha mbele. Wiki iliyofuata mtu wa mkono aliongezewa shilingi mia.